Usiwashe gari kabla hamjakubaliana saa ya kugeuka

Ndugu, usiondoke Ijumaa hiyo jioni kwa mpango ulioueleza. Umeandika kwamba utawachukua mkeo, watoto wako wawili na mama yako mzazi mara utakapotoka kazini, bila kuwaambia mnakwenda wapi. Kwamba utaendesha usiku kucha ili mfike ufukweni jua linapochomoza. Na kwamba simu itakuonyesha njia pamoja na mahali pa kulala. Kisha ukauliza begi gani libebwe, michezo gani itawatuliza watoto garini, ni programu ipi ya ramani iliyo bora, na kama inafaa kuondoka jioni au alfajiri. Naanza na hilo la mwisho kwa sababu ndilo lenye uhai wa watu ndani yake. Ondokeni alfajiri, baada ya wewe kulala usiku mzima, na kabla gari halijawashwa kubalianeni ni saa ngapi mtageuka kurudi ikiwa hamjafika. Saa hiyo aishike mtu asiyeendesha.

Ninasema kwa ukali kwa sababu safari unayoipanga nimekwisha kuiendesha, na nilipokuwa nikisoma maelezo yako niliona kila kona yake. Nilitoka kazini nikiwa macho tangu kabla ya mapambazuko, nikafika nyumbani, nikawaambia wote wavae viatu waingie garini. Watoto waliruka kwa furaha, na furaha ile ilikuwa ya kweli. Siwezi kukuambia kwamba hamu yako ya kuwaona wako wakifurahi ni kosa. Mama yangu akauliza tunakwenda umbali gani. Nikamjibu kwamba ataona mwenyewe tukifika. Mtu akijibiwa hivyo hana namna ya kujua abebe nini. Mama alidhani tunakwenda kuzunguka kidogo na kurudi, akaacha vidonge vyake vya shinikizo la damu kando ya kitanda, akaacha na miwani. Mke wangu aliacha nguo za kubadilisha za watoto. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa mzembe. Ni mimi niliyewanyima habari ambayo ingewawezesha kujitunza.

Saa za mwanzo zilikwenda vizuri. Tuliimba, tukabishana kuhusu majina ya nyota. Giza lilipokomaa, mtoto wetu mdogo akaanza kutapika. Watoto wa kati ya miaka 2 na 12 ndio wanaosumbuliwa zaidi na kichefuchefu cha safari, ambacho hutokea pale sikio la ndani linapohisi mwendo ilhali macho yanatazama kitu kilichotulia, kama vile kioo cha simu. Nilikuwa nimempa simu atazame katuni ili anyamaze. Kwa hiyo kuhusu michezo uliyoiulizia nina neno moja tu: usiwape watoto kitu cha kukodolea macho mapajani, wape sababu ya kutazama mbele, nje ya dirisha.

Mke wangu akasema turudi. Nikamwambia tumebakiza kidogo. Baada ya muda akasema tena, safari hii kwa sauti ya chini ili mama asisikie, nami nikajibu kwamba tumekwisha kufika mbali mno kurudi. Ninaomba uyatazame vizuri maneno hayo, kwa kuwa utayasema na wewe, na yatakapotoka kinywani mwako yataonekana kuwa ya busara. Nilikuwa nikizihesabu kilomita zilizokwisha kupita, ambazo hazikuwa na uwezo wowote wa kumtuliza mtoto wala kunipunguzia usingizi. Mwaka 1985, watafiti Hal Arkes na Catherine Blumer walichapisha matokeo ya maswali waliyowauliza watu, na mojawapo lilihusu safari. Kila mtu aliambiwa ajichukulie kuwa amenunua tiketi mbili za kwenda kuteleza kwenye theluji, moja ya dola 100 na nyingine ya dola 50, kisha akagundua kwamba safari zote mbili ni za wikendi moja na fedha hazirudishwi. Aliambiwa pia kwamba anatarajia kuifurahia zaidi ile ya dola 50. Zaidi ya nusu walichagua ile ya dola 100. Waliichagua safari wasiyoipenda sana kwa sababu waliilipia zaidi. Garini hakuna tiketi, lakini kuna uchovu na ahadi uliyowapa watoto, na hivyo vinamsukuma dereva kwenda mbele kama fedha zilivyowasukuma wale.

Sasa nakuja kwenye jambo lililotugharimu zaidi ya yote, na hapa sitafupisha.

Mtu aliyeamka saa kumi na moja alfajiri hutimiza saa 17 za kuwa macho ifikapo saa nne usiku. Mwaka 1997, Drew Dawson na Kathryn Reid, watafiti wa nchini Australia, walionyesha kwamba baada ya saa 17 za kuwa macho, utendaji wa mtu hushuka kufikia ule wa mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 katika damu, kiwango ambacho nchi nyingi hazimruhusu dereva kukivuka. Akikaribia saa 24, hali yake hulingana na kilevi cha asilimia 0.10 hivi. Mimi sikuwa nimeonja kilevi chochote, na kwa sababu hiyo nilijiona dereva salama kabisa. Zaidi ya hayo, mwili una saa yake: kati ya usiku wa manane na alfajiri usingizi huja kwa nguvu kuliko wakati mwingine wowote, hata kwa mtu aliyezoea kukesha. Mpango wako unakuweka nyuma ya usukani katika saa hizo hizo, baada ya siku nzima ya kazi.

Nilifungua dirisha. Niliongeza sauti ya redio. Yote hayo humfanya mtu ajione ameamka kwa dakika chache, wala hayaondoi usingizi. Dalili zilikuwepo zote: nilikuwa sikumbuki kipande cha barabara tulichotoka kukipita, macho yalikuwa yakiwaka, na gari lilikuwa likisogea taratibu kuelekea pembeni kisha nalirudisha. Halafu nikasinzia. Usingizi wa namna hiyo hudumu sekunde chache tu, na mara nyingi anayesinzia hajui kwamba amelala. Gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa hupita mita 28 hivi katika kila sekunde. Kwa sekunde tatu limekwisha kupita zaidi ya mita 80 bila mtu yeyote kuliongoza. Kilichoniamsha ni mlio wa changarawe chini ya matairi na mkono wa mke wangu ulioushika usukani. Tulitoka nje ya barabara, tukasimama kwenye majani, mbele yetu kidogo kukiwa na mtaro mrefu wa maji. Watoto wawili walikuwa wamelala kiti cha nyuma, na mama yangu alikuwa katikati yao, macho wazi, amewakumbatia.

Hakuna aliyeumia kwa kugongwa, na watu hupenda kuishia hapo wakisema tumshukuru Mungu. Tulimshukuru. Lakini usiku haukuwa umekwisha. Mke wangu alichukua ufunguo, na kwa kuwa yeye naye alikuwa amechoka, tulikaa hapo hapo mpaka kulipopambazuka. Mama alikosa dozi ya usiku, akakosa ya asubuhi. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu zikikatwa ghafla huweza kulipandisha kuliko lilivyokuwa kabla ya dawa kuanza, na nilikuja kuelezwa hayo na daktari katika hospitali ya mji ambao hatukuwa na nia ya kuutembelea, nikiwa nimeshindwa hata kumtajia jina la dawa anayotumia mama yangu mwenyewe. Alilazwa. Alipona. Tangu wakati huo hakubali kupanda gari ninaloendesha mimi ikiwa jua limeshuka, na nikimwalika safari hunijibu kwa upole kwamba anaona afadhali abaki nyumbani. Nilikusudia kumpa kumbukumbu ya wajukuu wakicheza kwenye maji, na ufukwe wenyewe hatukuufikia.

Unapaswa kujua pia ushauri huu wa “amua na uondoke” ulinifikiaje, maana nimeuona ukitolewa tena kwenye majibu yaliyotangulia langu. Mimi niliupata kwa rafiki niliyemwamini sana, msafiri wa siku nyingi, ambaye hueleza safari zake kwa namna inayomfanya kila msikilizaji ajione anapoteza maisha. Aliniambia kwamba kupanga kunaua raha, kwamba watoto hulala wenyewe gari likishaanza kwenda, na kwamba mahali pa kulala hapakosekani. Hakuniambia kwamba yeye husafiri peke yake, na kwamba akichoka hulala popote kwa kuwa hana mtu wa kumjibia. Ninamlaumu, na nimemwambia hivyo ana kwa ana. Mtu anayewashauri wenye familia bila kueleza kwamba hajawahi kubeba mzee na mtoto katika gari moja anawapa ujasiri ambao gharama yake watalipa wengine. Ndugu aliyekuandikia juu ya uzi huu kwamba “dereva mzuri hausikii usingizi” namwomba aufute ujumbe wake. Uhodari wa kuendesha hauzuii ubongo kulala.

Basi saa ya kugeuka. Wapanda milima wanaijua kanuni hii vizuri: kabla ya kuondoka kambini hupangwa saa ambayo kila mtu atageuka, hata kama kilele kinaonekana. Inapangwa mapema kwa sababu mtu aliyechoka na aliye karibu na anachokitamani hana tena uwezo mzuri wa kuamua. Mwezi Mei 1996 katika mlima Everest, watu 8 walifariki katika dhoruba ya tarehe 10 na 11, na miongoni mwa waliokuwa mlimani siku ile walikuwapo waliofika kileleni baada ya saa nane mchana, saa ambayo ilikuwa ikitajwa kama kikomo. Walikuwamo viongozi wenye uzoefu mkubwa. Ikiwa hao walishindwa kugeuka wakiwa karibu na wanachokitaka, mimi na wewe tusijidai kwamba tutaamua vyema tukiwa na mtoto anayelia nyuma.

Katika familia, kanuni hiyo inafanyika hivi. Mnapokuwa bado nyumbani, mnasema kwa sauti mbele ya wote: ikifika saa fulani na hatujafika, tunageuka au tunalala mahali pa karibu. Mnaichagua kwa kuanzia saa ambayo dereva ameamka, wala si kwa umbali wa mnakokwenda. Kisha mnamkabidhi mtu mwingine. Kwako ningesema umkabidhi mama yako, kwa kuwa yeye ndiye atakayechoka kwanza na ndiye atakayeona haya kusema. Akiwa ameshika saa, halazimiki kulalamika; anasema tu kwamba imefika. Na wewe unakubali papo hapo, bila kuuliza kwa nini na bila kutaja kilomita zilizobaki. Mke wangu alikuwa sahihi tangu aliposema mara ya kwanza, lakini alikuwa akiomba. Laiti angekuwa ameshika saa tuliyokubaliana, nisingekuwa na cha kubishana naye.

Utasema kwamba hapo safari si ya ghafla tena. Mbona bado ni ya ghafla? Unaweza kuamua Ijumaa usiku na kuondoka Jumamosi alfajiri, na unaweza hata kuficha jina la mahali, alimradi uwaambie mtakuwa nje kwa saa ngapi, kama mtalala huko, na kwamba kila mwenye dawa azibebe mkononi. Mshangao unaowapendeza watu ni wa kile watakachokiona, na hauhitaji kuwanyima habari za usalama wao.

Wala usidhani kwamba umbali ndio unaowafurahisha. Mwaka 2000, Arthur Aron na wenzake nchini Marekani walichapisha majaribio waliyowafanyia wapenzi na wanandoa. Baadhi yao walifungwa pamoja kifundo cha mkono na kifundo cha mguu, wakatakiwa kutambaa juu ya magodoro ya mazoezi na kuvuka kizuizi huku wakiubana kati yao mto wa kulalia bila kuutumia mkono, kwa dakika 7. Walioufanya mchezo huo mpya na wa kusisimua waliripoti kuridhika zaidi na uhusiano wao kuliko waliopewa kazi ya kawaida isiyosisimua. Dakika 7, ndani ya chumba kimoja! Watoto wako watafurahi ukiwaamsha kabla ya jua mkapanda kilima cha karibu, au mkipanda basi la kwanza linalopita mkashuka kituo cha mwisho na kurudi kwa miguu kadiri mnavyoweza. Matembezi ya namna hiyo tunayafanya sasa, na mama yangu huja nasi, kwa sababu anajua saa ya kurudi na anajua kwamba ni yeye aliyeishika.

Umesema mnaondoka wiki hii. Zungumza na mkeo leo, mwulize mama yako anakunywa dawa gani na saa ngapi, kisha urudi hapa uandike saa mliyokubaliana na jina la cheo tu la anayeishika, mama au mke, inatosha. Nitakuwa naufuatilia uzi huu mpaka Ijumaa.