Kabla ya 1955 yalikuwepo makombe

Ndugu yangu, umeandika kuwa klabu za soka za nchi mbalimbali zilianza kushindania kombe 1955, Kombe la Ulaya (leo Ligi ya Mabingwa) lilipozinduliwa. Hapana, rudi nyuma zaidi. Mwaka 1909 mjini Turin palichezwa kombe la Sir Thomas Lipton, yule tajiri wa majani ya chai, kwa timu za Italia, Ujerumani, Uswisi na Uingereza. Waingereza walikuwa West Auckland, timu ya ridhaa ya wachimba makaa ya mawe kutoka Durham. Fainali wakaifunga Winterthur ya Uswisi 2-0. Wakarudi 1911 kutetea, wakaitandika Juventus 6-1, kombe likawa lao moja kwa moja. Kinachoniuma ni kilichofuata: safari ile iliwaachia madeni, wakaliweka kombe rehani kwa mama mwenye hoteli kijijini kwao kwa pauni 40. Lilikombolewa 1960!

Kisha 1927 likaja Kombe la Mitropa la Ulaya ya kati, mechi nyumbani na ugenini, bingwa wa kwanza Sparta Praha. Kwa hiyo hata huo mtindo wa mikondo miwili haukuanza 1955.