Anayepiga Hodi Dirishani: Ushauri kwa Msomaji wa Hadithi za Wanyonya Damu

Ninafanya kazi ya maabara katika hospitali moja hapa Mtwara, na kwa zaidi ya miaka kumi sasa nimekuwa nikiwatoa watu damu ya vipimo karibu kila siku ya kazi. Nikitoka zamu, hasa zile jioni ambazo umeme umekatika na upepo wa bahari umetulia, ninasoma hadithi za wanyonya damu, wale ambao vijana wanawaita vampaya. Wenzangu kazini wameniuliza mara nyingi mtu anayeshinda na damu mchana kutwa anatafuta nini tena kwenye damu ya vitabuni. Nimelifikiria swali hilo kwa muda mrefu, na makala haya ni jibu langu, pamoja na ushauri kwa yeyote anayetaka kuanza kuzisoma hadithi hizi, asije akazisoma vibaya kama nilivyozisoma mimi mwanzoni.

Nilizisoma vibaya kwa sababu nilikuwa nikimtazama mnyonya damu mwenyewe: meno yake, joho lake, namna anavyojigeuza popo. Niliruka kurasa nyingi ili nifike upesi pale anapouma. Ushauri ninaompa sasa kila anayeazima kitabu kwangu ni kinyume cha hapo, yaani amwache kiumbe huyo kwanza, na amtazame mtu aliyemfungulia mlango.

Sisi wa pwani ya kusini tuna mwanzo mzuri katika jambo hili. Nimekulia Mikindani, katika nyumba ambayo mgeni alipiga hodi, akapiga tena, na asipoitikiwa mara ya tatu alirudi alikotoka bila kinyongo. Neno karibu halikutolewa ovyo usiku. Bibi yetu alitukataza kuitikia sauti tusiyoijua baada ya sala ya isha, mpaka mtu mzima aamke na kuuliza ni nani. Kwa hiyo nilipoisoma kwa mara ya pili riwaya ya Dracula, iliyoandikwa na Bram Stoker na kuchapishwa mwaka 1897, nilishangaa kuona kwamba sheria yake kubwa naifahamu tangu utotoni. Mnyonya damu wa riwaya hiyo, pamoja na nguvu zake zote, hawezi kuingia mahali kwa mara ya kwanza mpaka mmoja wa watu wa nyumba ile amkaribishe. Akishakaribishwa mara moja, baada ya hapo huingia na kutoka apendavyo.

Ukiijua sheria hiyo, kila mlango katika kitabu unaanza kuwa na uzito. Kijana wa Kiingereza, Jonathan Harker, anapofika kwenye ngome ya mnyonya damu huyo, Count Dracula, huko Transylvania, mwenyeji wake anasimama mlangoni kama sanamu, anamkaribisha aingie kwa hiari yake mwenyewe, wala hasogei hata hatua moja mpaka mgeni avuke kizingiti kwa miguu yake. Nilipousoma ukurasa ule kwa haraka niliona mzee mwenye adabu za kizamani. Nilipousoma polepole niliona mtu anayetaka ridhaa ichukuliwe kwanza, kama vile sisi tunavyomwomba mgonjwa akubali kabla ya kumfunga mpira mkononi, isipokuwa yeye hasemi anaitaka ridhaa hiyo kwa ajili ya nini.

Mlango huu haukuanza na Stoker. Miaka 25 kabla yake, mwaka 1872, kitabu chenye Carmilla ya Sheridan Le Fanu kilikuwa kimeshatoka, na pale mnyonya damu ni msichana anayeletwa na ajali ya gari la farasi karibu na nyumba ya watu wema. Mama yake anasema ana safari ya haraka isiyoweza kungoja, na baba wa nyumba ile, kwa huruma ya kweli, anajitolea kumtunza binti huyo kwa miezi mitatu. Nyuma zaidi, mwaka 1819, ilichapishwa hadithi fupi ya John Polidori, aliyekuwa tabibu kwa taaluma, ambamo kijana anaapa kuinyamazia siri ya rafiki yake kwa mwaka mmoja na siku moja, na kiapo hicho ndicho kinachomfunga mdomo wakati dada yake anaolewa na rafiki yuleyule. Ukarimu wa baba na kiapo cha kijana ni mambo mazuri, mambo ambayo hata sisi tunawafundisha watoto wetu, na ndiyo maana hadithi hizi zinaniumiza kuliko zinavyonitisha. Anayeangamia ndani yake si lazima awe mpumbavu au mwovu; mara nyingi ni mtu aliyefanya lililo sahihi kwa asiyestahili.

Kwa anayeanza, ninashauri aanze na Carmilla kwa sababu ni fupi na inasimuliwa na mtu mmoja, kisha aende kwa Dracula. Waandishi wote wawili walifariki zamani na vitabu vyao vinapatikana intaneti bila malipo na kwa halali, kwa hiyo unaweza kuvipakua siku yenye mtandao mzuri ukavisoma kwenye simu hata umeme ukiwa umekatika. Dracula ina sura 27, na yote imeundwa kwa shajara, barua, simu za maandishi na vipande vya magazeti, kila kimoja na tarehe yake. Usiziruke tarehe. Nilikuwa nikiziruka, na nikapoteza jambo ambalo ndilo ufundi wa kitabu chote: kwamba mtu mmoja anaandika barua ya furaha siku ambayo wewe msomaji tayari unajua, kutokana na karatasi ya mtu mwingine, kwamba hatari imeshapanda meli. Unaweza, kwa upande mwingine, kupita upesi maneno ya yule mzee wa makaburini katika mji wa Whitby, maana anazungumza lahaja ya Yorkshire ambayo kwa sisi tuliojifunza Kiingereza darasani ni mzigo mkubwa. Usikubali ukurasa wake ukufanye ukifunge kitabu.

Sura ya 10 hadi ya 12 ndizo zilizonifanya niipende riwaya hii kama mtu wa maabara. Lucy Westenra ananyonywa damu usiku baada ya usiku, na wanaume wanne, mmoja baada ya mwingine, wanakunja mikono ya mashati yao na kumpa damu yao: mchumba wake, daktari aliyewahi kumposa akakataliwa, profesa mzee, na Mmarekani ambaye naye alikuwa amekataliwa. Damu inahamishwa moja kwa moja kutoka kwa mtoaji kwenda kwa mgonjwa. Mara ya kwanza kusoma nilisimama, nikakiweka kitabu chini, kwa sababu hakuna hata mmoja aliyeuliza kundi la damu. Leo hatuwezi kumwongezea mgonjwa damu bila kujua kundi lake na bila kuijaribu kwanza sampuli yake na ya mchangiaji, tukaitazama kwa makini isije ikagandana, kwani damu isiyolingana inaweza kuua. Lakini Stoker hakuzembea. Karl Landsteiner alitangaza ugunduzi wa makundi ya damu mwaka 1901, miaka minne baada ya riwaya kutoka. Madaktari wa kitabuni walikuwa wakibahatisha gizani kama madaktari wa kweli wa wakati wao.

Nilipoacha kukikosoa kitabu kwa jambo lisilokuwa kosa lake, nikaona kilichokuwa mbele yangu. Katika chumba kimoja kuna anayechukua damu usiku kwa siri, na kuna wanaoitoa mchana kwa hiari mpaka wenyewe wanalegea. Mchangiaji damu wa siku hizi hutoa takriban mililita 450 kati ya lita tano hivi alizonazo mtu mzima, anakunywa juisi, anapumzika kidogo na kwenda nyumbani, na bado huwa ninauona uso wake ukibadilika kidogo mfuko unapoanza kujaa. Tangu hapo, kila hadithi ya mnyonya damu ninayoisoma naiuliza swali hilo: humu ndani ni nani anatoa, na ni nani anachukua tu? Hadithi isiyokuwa na mtoaji hunichosha upesi, hata kama ina mapambano mengi.

Ushauri mwingine ni mfupi. Usiingie kwenye riwaya ukiwa umebeba sheria za sinema. Dracula wa kitabuni anaonekana London mchana, barabarani, na mwisho wake unaletwa na visu viwili wakati jua linazama. Kufa kwa mwanga wa jua kulikuja kupata umaarufu kwa filamu ya Kijerumani ya mwaka 1922, na anayesubiri jua limwokoe Mina Harker, mke wa Jonathan, atasubiri bure.

Kuhusu vibonzo, nilichelewa kuvipenda, na aliyenifungua macho ni mpwa wangu. Mtwara sijawahi kuona duka linalouza vibonzo vya namna hii, na cha kwanza kilinifikia kwa basi kutoka Dar es Salaam kikiwa kimefungwa kwenye gazeti. Inafaa ujue kwamba Marekani, kanuni ambazo wachapishaji walijiwekea mwaka 1954 ziliwapiga marufuku wanyonya damu katika vibonzo, na zilipolegezwa mwaka 1971 haukupita muda mrefu ndipo Marvel ikaanza The Tomb of Dracula, mwaka 1972. Mfululizo huo ulifika matoleo 70, yote yakichorwa na Gene Colan. Katika toleo la 10, mwaka 1973, ndipo anapotokea Blade, mwanamume mweusi ambaye mama yake aling'atwa akiwa katika uchungu wa kujifungua. Nimewahi kuwa chumba cha kujifungulia nikisubiri sampuli, na siwezi kuusoma mwanzo huo kama mchezo: huyu alivamiwa kabla hajawa na mdomo wa kukataa, na maisha yake yote ni kukataa huko kulikochelewa.

Usisome kibonzo kwa kufuata maneno peke yake. Mpwa wangu alinionyesha ukurasa mmoja, akaweka kidole kwenye ule mstari mweupe kati ya picha mbili. Juu palikuwa na mkono ukigusa kitasa cha dirisha. Chini palikuwa na pazia likipeperuka ndani ya chumba. Aliniuliza, "Shangazi, ameingia saa ngapi?" Hakukuwa na picha ya kuingia. Mchoraji alikuwa ameniachia mimi niufungue mlango. Tangu siku ile nasimama kwenye mistari ile myeupe kuliko ninavyosimama kwenye picha za meno. Vibonzo vya Kijapani, ambavyo mara nyingi huchapwa kwa wino mweusi tu, vinakudai zaidi, kwa sababu damu yake ni nyeusi na wekundu wote unautia mwenyewe. Navyo husomwa kuanzia kulia, jambo ambalo kwa aliyepita madrasa si kazi kubwa. Na ukitaka kuona namna mazingira yanavyoweza kufanya kazi ya mlango, tafuta 30 Days of Night ya mwaka 2002, ya Steve Niles na mchoraji Ben Templesmith, ambamo wanyonya damu wanauvamia mji wa kaskazini kabisa ya Alaska katika majira ambayo jua halichomozi mwezi mzima. Sisi ambao saa yetu ya magharibi haisogei sana mwaka mzima tunahitaji kukaa kidogo na wazo hilo ili litutishe sawasawa.

Limebaki jambo moja ambalo nalisema kwa msisitizo. Usiichanganye hadithi ya mnyonya damu na uvumi wa mumiani. Neno mumiani lenyewe lina asili ya Kiajemi na lilikuwa jina la dawa nyeusi kama lami, lakini tangu enzi za ukoloni Afrika Mashariki imelitumia kwa watu wanaosadikiwa kukamata wenzao na kuwatoa damu, na kuna wakati wazimamoto ndio waliosingiziwa kazi hiyo. Hadithi ina mlango, ina jina, na ina ukurasa wa mwisho. Uvumi hauna mlango, kwa hiyo kila mgeni anakuwa mtuhumiwa: mtafiti, dereva aliyepotea njia, muuguzi mwenye boksi la sampuli. Mwaka 2017, kusini mwa Malawi, watu waliuawa na makundi yaliyowadhania kuwa wanyonya damu. Kwa sababu hiyo siwasimulii watoto wadogo hadithi hizi nikizihamishia mtaani kwetu, wala sisambazi sauti za simu zinazosema kuna gari limeonekana.

Wakati wa msimu mmoja wa korosho alikuja bibi mmoja kutoka vijijini, akakataa kunyoosha mkono. Alitaka kwanza kujua damu inapelekwa wapi. Nilimwonyesha tyubu moja ya kifuniko cha zambarau na alama ambapo damu huishia, nikampeleka hadi mlangoni mwa chumba cha ndani aione mashine na mwenzangu aliyeketi mbele yake. Alirudi akakaa, akanyoosha mkono mwenyewe. Nilipomaliza akaona kitabu mfukoni mwa koti langu, akauliza kinasema nini. Nikamweleza kwamba kuna kiumbe anayekunywa damu za watu, anayesimama nje ya dirisha usiku na hawezi kuingia mpaka aitwe, na kwamba ndani ya nyumba ile mlikuwa na mwanamke ambaye wanaume walikuwa wamemwacha wakidhani yuko salama. Bibi alikibonyeza kipande cha pamba kwenye mkunjo wa mkono akifikiri.

"Na nani alimwitikia, mwanangu?"

Nikamweleza habari za Renfield, mgonjwa wa akili aliyelazwa katika nyumba hiyohiyo, na maelfu ya panya aliyoahidiwa.