Jibu: Idadi ya mamajusi na maana ya zawadi zao

Ndugu, umeuliza kama mamajusi, wale wenye hekima kutoka mashariki waliokuja kumsujudia mtoto Yesu, walikuwa wafalme watatu na kama walifika usiku ule ule pamoja na wachungaji wa kondoo. Mathayo 2, sura pekee inayosimulia habari yao, haitaji idadi wala haiwaiti wafalme. Hesabu ya watatu ilitokana na zawadi tatu, na mataji walivikwa baadaye na mapokeo yaliyoisoma habari hiyo pamoja na Zaburi ya 72 na Isaya 60. Wachungaji wanatajwa katika Injili ya Luka, nao walimkuta mtoto horini, ilhali mamajusi waliingia nyumbani. Tena Mfalme Herode, akifuata muda aliouhakikisha kwao, aliagiza wauawe watoto wa miaka miwili na chini yake, kwa hiyo huenda miezi mingi ilikuwa imepita.

Kuhusu zawadi, tafsiri kwamba dhahabu ni ya mfalme, uvumba wa Mungu na manemane (utomvu wa mti wenye harufu nzuri) ya mauti haimo katika Mathayo (ingawa Ireneo, askofu wa Kanisa la kale, aliiandika mapema, katika karne ya 2). Kwangu mimi, manemane ndiyo yenye hoja nzito zaidi, kwa kuwa katika Yohana 19:39 Nikodemo aliileta, ikiwa imechanganywa na udi, kwa maziko ya Yesu.