Gereji ya Wasomaji: Pedi za breki kuisha mapema

SWALI: Nina Toyota IST ya otomatiki, kila siku Mbagala hadi Posta. Pedi za mbele nilizofunga mwezi wa tatu zimeisha mwezi wa tisa. Gurudumu la kushoto, pedi ya ndani imebaki chuma tupu, ya nje bado nene. Fundi anasema ninunue orijino. Je, shida ni ubora?
*Msomaji, Mbagala*

JIBU: Usitoe hela ya orijino kwanza. Pedi feki huisha haraka, kweli, lakini huisha zote. Pedi mbili za gurudumu moja zikilika tofauti namna hiyo, mshuku kalipa, yaani kile kibano cha chuma kinachoshika pedi.

Kalipa ya gari lako inateleza juu ya pini mbili. Pistoni inasukuma pedi ya ndani, kisha kalipa nzima inarudi nyuma na kuivuta ya nje. Pini zikikauka grisi au zikishika kutu, pedi ya ndani inafanya kazi peke yake, na ukiachia pedali inabaki inasugua diski, ile sahani ya chuma inayozunguka na gurudumu. Jaribu hivi: endesha kilomita chache barabara isiyo na foleni, simama, sogeza kiganja karibu na rimu ya kushoto, halafu ya kulia. Inayotoa joto zaidi ndiyo yenye breki iliyokwama. Diski usiiguse.

Mwambie fundi afungue kalipa achomoe pini zote mbili. Zisafishwe kwa burashi ya waya. Yenye mashimo ya kutu itupwe. Zipakwe grisi ya silikoni ya breki, tabaka jembamba tu. Hapa ndipo wengi wanaharibu: wanachota grisi ya bearingi kwa sababu iko mezani. Ile inavimbisha mipira ya pini, na baada ya muda pini imekwama tena. Kisha pistoni irudishwe ndani polepole kwa kibano. Ikigoma, au mpira wake wa vumbi umechanika, pini peke yake hazitakusaidia; funga seti mpya ya mipira ya kalipa.

Wakati wa kurudisha pistoni chungulia kikopo cha oili ya breki. Pedi zikilika oili hushuka yenyewe, na kama mtu alikuwa akiongezea kila ikishuka, sasa pistoni itairudisha juu na itafurika, na oili hiyo inabandua rangi ya gari.

Badilisha pedi za magurudumu yote mawili ya mbele kwa pamoja. Mpya huwa na takriban milimita 10 za kusugulia; zikifika 3, toa. Ukishafunga, kanyaga pedali mara kadhaa hadi iwe ngumu kabla hujaondoka. Halafu zizoeshe diski: kutoka kasi ya 50 punguza hadi 10 bila kusimama kabisa, mara nane, ukipumzisha nusu dakika kila mara.

SWALI: Nikishuka mlima Kitonga kutoka Iringa breki zinanuka kuungua, ingawa mguu nauweka kidogo tu, tangu juu hadi chini.
*Msomaji, Makambako*

JIBU: Huko kuweka kidogo tangu juu hadi chini ndiko kunakounguza. Pedi haipati hata sekunde ya kupoa. Kabla mteremko haujaanza, shusha gia: manyuo weka ya pili au ya tatu, otomatiki weka 2, au L pakizidi. Injini ndiyo izuie gari. Mwendo ukipanda, kanyaga kwa nguvu ushuke, tuseme, kutoka 50 hadi 35, kisha achia kabisa. Na wale wanaoweka fri (gia huru) kuokoa mafuta wanayalipia kwenye pedi.

Oili ya breki ya daraja la DOT 3 ikiwa mpya huchemka kuanzia nyuzi 205, lakini hunyonya unyevu na kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 140. Ibadilishe kila miaka miwili. Siku pedali ikilainika mteremkoni, oili imeshachemka: pampu pedali, shusha gia, vuta handibreki taratibu, na usiondoke hapo mpaka magurudumu yapoe.