Muulize Fundi Mchoraji: Laini za Wanyika

Safu hii hujibu maswali ya wasomaji kuhusu uchoraji, uchapaji na fremu. Mwezi huu barua nyingi zinauliza jambo moja: zile picha za ukutani zinazochora historia ya bendi kama ramani ya treni za jiji.

Fundi, salamu kutoka Section 58, Nakuru. Baba anatimiza miaka sabini Desemba. Ameendesha matatu ya Nakuru–Kisumu miaka mingi, na kwenye gari lake hapakupigwa kingine ila Wanyika, zile bendi za rumba ya Kiswahili. Kaka yangu aliye Uingereza alituletea picha ya bendi moja ya huko: wanamuziki na albamu vimepangwa kwa laini za rangi na vituo, kama ramani ya treni za London. Nikaamua nimchoree baba ya Wanyika. Nilianza na laini moja ya Simba Wanyika, nikafika 1978, nikakwama. Les Wanyika niianzishe wapi? Na Super Wanyika je? Karatasi imejaa mikwaruzo tu. — Kitinda mimba wa Nakuru

Binti yangu, hapo ulipokwama ndipo ramani inapoanza. Bendi ambayo haijawahi kugawanyika haihitaji mchoro wa namna hii. Ipigie mstari mmoja, uweke miaka, basi. Wewe mtu wa Nakuru unalijua hilo kuliko mimi: reli ikitoka Nairobi huachana huko kwenu, moja ikaja huku Kisumu, nyingine ikakwea Eldoret mpaka Malaba. Ingekuwa haiachani, nani angesumbuka kuchora?

Mkono wako hauna shida. Ila umeifanya laini kuwa bendi, na bendi hupasuka. Ifanye laini kuwa mtu. Mtu hapasuki, anahama tu.

Anza na ndugu wawili wa Tanga, Wilson Peter Kinyonga na George Peter Kinyonga. Walipigia Jamhuri Jazz kwao Tanga katika miaka ya 1960, wakaenda Arusha 1970 wakaunda Arusha Jazz pamoja na ndugu yao William, na 1971 wakawa Mombasa, ndiko Simba Wanyika ilikozaliwa. Nairobi ikafuata baadaye. Wape laini mbili, nyekundu na ya machungwa, zitembee zimegusana kutoka ukingo wa kushoto. Kisha waingize wengine, kila mmoja kwa wakati wake na rangi yake: Omar Shabani, yule Profesa Omari wa gitaa la ridhimu, kijani, Tom Malanga wa besi, buluu, Rashid Juma wa ngoma, nyeusi. Laini zikibanana, hilo fungu ndilo bendi, na jina la bendi liandikwe juu ya fungu zima.

Sasa ifike Novemba 1978. Kijani, buluu na nyeusi zikate kona kwa pamoja, nyuzi 45, zishuke, kisha zinyooke tena chini. Hapo andika Les Wanyika. Usiandike popote kwamba bendi ilivunjika. Mzee ataona mwenyewe kwamba ridhimu, besi na ngoma viliondoka kwa mkupuo, na ndugu wa Tanga wakabaki juu na gitaa na sauti zao, wakitafuta watu wa kujaza nafasi. Ukiwa na santuri za baada ya hapo utakuta nyingine zimeandikwa Simba Wanyika Original. Weka hilo neno Original kwa herufi ndogo palepale baada ya kona. Aliyekuwapo miaka hiyo atacheka.

John Ngereza mlete kutoka upande wa chini kwa laini ya zambarau, kwa sababu yeye hakutoka kwa Simba. Alijiunga na Les Wanyika akitokea kwingine. Ukimtoa kwenye fungu la juu utakuwa umemsingizia. Issa Juma naye aungane na Les Wanyika, asafiri nao kidogo, halafu mwanzoni mwa miaka ya 1980 achepuke na Super Wanyika Stars. Umeona? Lile swali lako la Super Wanyika limejijibu. Haihitaji kuanzishwa mahali, inafika imebebwa na mtu.

Kuna mtego mmoja umeuruka bila kuuona, na wengi huangukia hapo. Unataka kufuata jiografia au miaka? Huwezi kufuata vyote viwili. Ukifuata jiografia, laini inatoka Tanga, inakwenda magharibi hadi Arusha, inarudi mashariki hadi Mombasa, kisha inapanda tena hadi Nairobi. Miaka itagongana pale katikati na vituo vitakaliana. Nifuate mimi: miaka iende kushoto kwenda kulia, 1966 mpaka 2000, imenyooka. Miji iweke kwa nyuma kama rangi hafifu za kusimama, mfano wa kanda za nauli kwenye ramani ya London: ukanda wa Tanga, wa Arusha, wa Mombasa, wa Nairobi. Laini zinapita juu yake. Mpaka wa Tanzania na Kenya uwe mstari wa kijivu kati ya ukanda wa pili na wa tatu.

Mimi kabla ya kufungua kibanda hiki nyuma ya soko la Jubilee hapa Kisumu nilichora ramani za mashamba. Kwenye ramani ya 1:2500, milimita moja ya karatasi ni mita mbili na nusu za ardhi, na kwa mita mbili na nusu majirani hupelekana kortini. Kwa hiyo mara ya kwanza nilipoiona ramani ya treni za London iliniudhi. Umbali wote ni wa uongo! Harry Beck, aliyeichora 1931, alikuwa mchoraji wa kiufundi katika ofisi ya ishara za reli hiyo. Alinyoosha kila kitu kiwe cha kulala, cha kusimama au cha nyuzi 45, akaupanua mji wa katikati ulikojaa vituo, akaibana mitaa ya mbali. Wakubwa wake waliikataa kwanza. Ilipochapishwa 1933 kama kadi ya mfukoni, abiria waliigombea, kwa kuwa mtu aliye chini ya ardhi hana haja ya kujua kituo kiko mita ngapi. Anataka kujua ashukie wapi abadilishe. Vya juu ya ardhi Beck aliacha kimoja tu, mto Thames. Ule mpaka wa kijivu ndio Thames yako. Usiongeze milima, minazi wala simba.

Ruhusa hiyo ya kupanua na kubana itumie. Kati ya 1977 na 1982 kuna msongamano. Upe karibu theluthi ya upana wote. Miaka mitulivu ibane.

Vibao, yaani nyimbo zao zilizovuma, usiviweke vyote. Chagua ambavyo mzee angeongeza sauti vikianza. Sina Makosa lazima iwepo, mara tu baada ya kona ya Les Wanyika, na kituo chake kiwe duara kubwa jeupe. Wimbo mrefu kwenye santuri ndogo ulikatwa vipande viwili, sehemu ya kwanza upande A, ya pili upande B, katikati unainuka kuigeuza. Nyimbo za namna hiyo zipe vijiti viwili vya kituo badala ya kimoja. Ni kitu kidogo lakini mtu wa santuri atakitambua kabla hajasoma herufi hata moja. Mpangilio wa miaka usikutishe: santuri nyingi za hapa hazikuandikwa mwaka, lakini zina namba ya toleo kwenye lebo, na ndani ya lebo moja namba ikipanda kwa kawaida tarehe nayo imepanda. Panga kwa namba.

Mwisho wa laini uwe kijiti kifupi cha kukata, kama kituo cha mwisho, pamoja na mwaka. George 1992. Wilson 1995. Omar Shabani 1998. John Ngereza 2000. Usiweke msalaba wala maua. Hii ni zawadi ya siku ya kuzaliwa.

Mzee, mbona kila gazeti ni Wanyika, Wanyika? Sisi wa ziwa hatuna bendi? Mchoreni Misiani. — Mvuvi mstaafu, Kendu Bay

Jaduong', mzee wangu, Wanyika waliulizwa na binti wa Nakuru, sikuwachagua mimi. Misiani nimemchora, na ananing'inia ukutani hapa dukani. Ila mchoro wake ni wa aina nyingine kabisa. Daniel Owino Misiani alizaliwa karibu na Shirati, upande wa Tanganyika, 1940, na alifariki katika ajali ya barabarani hapa Kisumu Mei 2006. Kati ya hapo na hapo, bendi ya Shirati Jazz ni yeye. Kwa hiyo laini nene ni moja, na wengine wanapanda na kushuka. Nilichofanya ni kumlaza katikati ya karatasi, na ziwa nikaliweka juu kama rangi moja ya buluu isiyo na mawimbi.

Fumbo halisi la benga, muziki huo wa huku ziwani, ni bendi ya Victoria. Ochieng Nelly na Collela Mazee waliianzisha Maseno 1972, halafu kwenye santuri unakuta Victoria Jazz, Victoria Kings, Victoria B Kings. Anayefuata majina atachora bendi tatu na kuapa kwamba zilishindana. Fuata watu: Nelly laini, Mazee laini, na majina yabadilike pembeni mwa laini bila laini kupinda. Ikipinda tu, umeshasema watu waligombana. Nimeona mchoro wa kijana mmoja wa Kondele uliopindisha kila jina. Ulipendeza sana na ulikuwa uongo mtupu.

Hao wawili ukiwachora, nitumie nione.

Fundi, mimi ni mwalimu wa sanaa Kakamega. Wanafunzi wangu wamechora ramani za bendi na sasa wazazi wanataka kuzinunua. Je, tunavunja sheria?

Mwalimu, mambo ya kweli hayana mwenyewe. Nani alipiga gitaa gani, lini, jina la wimbo ni lipi: chora na uuze. Maneno ya wimbo ni habari nyingine. Kenya hakimiliki ya utunzi hudumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake, kwa hiyo mtunzi aliyefariki 1992 kazi yake inalindwa hadi 2042. Hata ubeti mmoja pembeni ya ramani, usiweke bila ruhusa. Picha ya kava ya santuri nayo ina mwenyewe. Nembo ya bendi, hali kadhalika.

Na London pia inalinda mali yake. Ile duara nyekundu yenye mstari wa buluu ni alama ya biashara, na ramani yao hutolewa kwa leseni. Mtindo wa laini na kona za nyuzi 45 unaweza kuutumia. Ramani yao yenyewe usiinakili ukabadilisha majina tu. Mwaka 2006 mwandishi Dorian Lynskey aliupanga muziki wa karne ya 20 juu ya ramani ileile ya London kwenye gazeti la Guardian, kila laini mtindo wa muziki. Ni kazi ya akili sana, lakini pale muziki ulilazimika kuingia kwenye reli zilizokwisha kujengwa. Watoto wako wajenge reli zao.

Ukitaka kuuza nyingi, nenda kaulize Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, na itafute familia ya mwanamuziki. Mimi familia huipelekea nakala ya kwanza kabla ya mteja yeyote. Sheria hainilazimishi. Lakini wao ndio huniambia mwaka gani nimekosea.

Nilichora ramani yangu ikawa safi kwenye kompyuta, nikamtumia mchapaji kwa simu, ikarudi na herufi zenye ukungu. Na ya mwaka jana imeshapauka. — Bungoma

Uliituma kama picha, simu ikaibana. Tuma faili ya PDF kama waraka. Chora kwa programu ya vekta, yaani inayochora kwa mistari badala ya nukta, Inkscape ni ya bure, maana vekta haina ukungu hata ikikuzwa iwe bango. Ukilazimika kutoa picha, karatasi ya A2 kwa ubora wa nukta 300 kwa inchi inataka pikseli 4,961 kwa 7,016. Chini ya hapo, herufi za vituo ndizo zitakufa kwanza.

Kupauka: muulize mchapaji kama wino wake ni wa pigmenti au wa rangi ya maji. Akikuangalia tu bila jibu, ni wa rangi ya maji, na huo ndio hupauka upesi. Karatasi iwe ya gramu 200 kwa mita ya mraba kwenda juu, isiyong'aa. Usiitundike ukuta unaopigwa na jua la jioni. Na kati ya karatasi na kioo weka ukingo wa kadibodi ili visigusane, kwa sababu msimu wa mvua karatasi hujishika kwenye kioo na ukiibandua rangi inabaki huko. Fundi wa fremu akikuambia hiyo kadibodi si lazima, peleka kazi kwa mwingine.