Sakafu yenye joto: maswali yenu ya msimu wa baridi

Wengi walioniandikia safari hii wanakaa katika nyumba ambazo mabomba ya maji ya moto yamefukiwa chini ya marumaru. Kazi hiyo ya kutandaza mabomba ndiyo yangu, basi najibu kwa ninavyoijua.

Tumehamia nyumba mpya Hamburg. Asubuhi nikienda kazini nazima joto la sakafu ili kubana matumizi. Jioni nawasha, lakini mpaka tunalala bado tunatetemeka. Mashine mbovu?

Mashine nzima, dada. Usiizime tu. Mabomba yako yamo ndani ya tabaka nene la zege, na zege ni kama chungu kikubwa cha udongo: huchelewa kupata moto, huchelewa kupoa. Ukiwasha saa 12 jioni, joto lenyewe linakuja usiku umeshajifunika blanketi, na asubuhi nyumba ndiyo kwanza imeiva, nawe unazima tena. Weka termostati, kile kifaa cha kupangia joto la chumba, nyuzi 20 au 21, uiache. Mkisafiri wiki nzima, ishushe nyuzi mbili tatu, inatosha.

Pa kubana matumizi ni kwenye joto la maji. Hita za ukutani za kizamani hudai maji ya nyuzi 60 hata 70 kwa kuwa eneo lake ni dogo. Sakafu imeenea chumba kizima, kwa hiyo katika nyumba iliyozibwa vizuri maji ya nyuzi 35 hivi huitosha. Hapo pampu ya joto, yaani mashine ya umeme inayovuta joto la nje na kuliingiza ndani, hufanya kazi kwa raha: uniti moja ya umeme inaweza kukuletea uniti tatu au nne za joto, mradi hailazimishwi kuchemsha maji sana. Mwombe fundi akuoneshe maji yanaingia sakafuni na nyuzi ngapi. Akikuta 50, apunguze kidogo kidogo, akisubiri siku mbili kila anapopunguza, mpaka chumba chenye baridi kuliko vyote kibaki pale pale panapowafaa. Kama mmepanga, mwambieni mwenye nyumba. Mtu asiye fundi asiguse mtambo.

Mwanangu anatambaa. Sakafu haitamchoma? Na mazulia aliyonipa mama nitandike?

Haitamchoma. Viwango vya Ulaya haviruhusu uso wa sakafu ya sebuleni kupita nyuzi 29, na ngozi ya mtu ina joto kuliko hapo. Ndiyo maana wageni huigusa wakadhani imezimwa: mguu hausikii moto, unasikia tu kwamba baridi haipo.

Mkeka wa ukindu hauna neno. Zulia nene la manyoya ndilo linalozuia joto lisipande, basi litandike dogo, katikati tu. Sofa liwe na miguu. Na godoro la mgeni likilazwa sakafuni, liinuliwe asubuhi.

Tuko Toronto, tunakarabati bafu peke yake. Maji au umeme?

Umeme. Bafu la mita nne za mraba, ukiweka mkeka wa nyaya wa wati 150 kwa kila mita, ni wati 600. Saa 3 kwa siku hazifiki uniti 2. Afunge fundi umeme mwenye leseni, naye asisahau kifaa cha kukata umeme unapovuja. Nyumba nzima kwa njia hiyo, hapana, bili itawaumiza.

Kaka yangu yuko Ujerumani, nimeona sakafu yake nikaipenda. Najenga Njombe, na baridi ya Juni na Julai unaijua. Nifanyeje?

Naijua, na nakuhurumia. Lakini nakusihi usianze na mabomba. Kutia joto kwenye nyumba inayovuja ni kujaza maji kwenye pakacha, na nyumba zetu nyingi za nyanda za juu zinavuja: bati tupu, dari isiyo na kitu juu yake, madirisha yasiyoziba. Hayo kwanza. Madirisha makubwa yaelekee kaskazini, maana mwezi wa sita jua hupita upande huo.

Kwenye sakafu, kitu kimoja tu ndicho ningekikazania: bodi za povu gumu chini ya zege. Hata bila bomba lolote, nyayo zitaona tofauti, na ukija kupata uwezo wa mabomba, joto halitazama ardhini. Bodi hizo huwekwa kabla ya zege, baada ya hapo ni kuvunja. Niandikie ukubwa wa vyumba kabla fundi hajachanganya saruji.