Pip inakataa kusakinisha: je, nihamie uv?

Swali: Najifunza Python. Tangu niweke Debian 12 kwenye kompyuta yangu, kila nikitaka kusakinisha maktaba kwa pip napata hitilafu ya `externally-managed-environment`. Wengine wanashauri niongeze `--break-system-packages`, wengine wanasema niachane na pip nihamie uv, zana nyingine ya kusakinisha maktaba. Nishike lipi, na nijifunzie wapi?

Jibu: Ndugu, hiyo `--break-system-packages` iache kabisa, hata kama msaidizi wa akili bandia ndiye aliyekupendekezea. Python iliyokuja na Debian huitumii peke yako. Zipo programu za mfumo zinazoitegemea. Ukibadilisha maktaba ambayo nazo zinaitumia, mojawapo inaweza kugoma siku ambayo hukumbuki tena ulichogusa. Kwa sababu hiyo, mwongozo uitwao PEP 668 uliweka utaratibu wa faili la `EXTERNALLY-MANAGED`: pip ikilikuta kwenye Python ya mfumo, inasita. Debian ilianza kuufuata kwenye toleo hilo la 12, lililotoka 2023.

Dawa yake ni kuupa kila mradi mazingira pepe yake, yaani folda yenye maktaba zake pekee, isiyogusa Python ya mfumo. Python ina moduli ya kuyatengeneza, venv, tangu toleo la 3.3 la mwaka 2012, ila Debian huitenga kwenye kifurushi chake, kwa hiyo anza na `sudo apt install python3-venv`. Kisha, ndani ya folda ya mradi:

`python3 -m venv .venv`
`source .venv/bin/activate`

Hapo pip itakubali. Kabla ya kuendelea, nakuomba ufanye jaribio hili: fungua Python ukiwa ndani ya mazingira hayo, andika `import sys`, kisha tazama `sys.prefix` na `sys.base_prefix`. Rudia ukiwa nje. Nje zinafanana; ndani, ya kwanza inaonyesha folda yako ya `.venv`. Ukishaelewa tofauti hiyo, hitilafu nyingi za "maktaba haipatikani" utazitatua mwenyewe. Mara nyingi chanzo ni kihariri kinachoendesha Python nyingine. Katika VS Code, kwa mfano, hakikisha imechaguliwa ile iliyomo ndani ya `.venv`.

Sasa uv. Ilitolewa Februari 2024 na kampuni ya Astral, imeandikwa kwa lugha ya Rust, na kasi yake ni ya kweli. Unaandika `uv init`, halafu `uv add requests`, halafu `uv run main.py`, mazingira inayatengeneza yenyewe. Kinachonivutia zaidi ni faili la `uv.lock`, linalohifadhi matoleo kamili ya kila maktaba, zikiwemo zile zilizoletwa na maktaba nyingine. Mwenzako akichukua mradi na kuandika `uv sync`, anapata matoleo yale yale. Isitoshe, maktaba iliyokwisha kupakuliwa huwekwa akiba, hivyo mradi wa pili haulazimiki kuipakua upya.

Hamia, lakini mradi mmoja mdogo ufanye kwanza kwa venv na pip. Chini yake uv inatumia `.venv` hiyo hiyo, na asiyeijua hukwama pale zana inapogoma.

Kuhusu kujifunza, anza na sura ya 12 ya mafunzo rasmi ya Python kwenye docs.python.org. Ni fupi, na inahusu jambo hili hili. Kisha ingia kwenye nyaraka za uv, sehemu ya miongozo, ukijaribu kila amri kwa mkono wako. Video zitumie kwa tahadhari: zana hii bado changa na inabadilika haraka, kwa hiyo tazama tarehe kwanza.

Kama tayari una mradi wenye `requirements.txt`, yaani orodha ya maktaba zake, huna haja ya kuandika upya: fanya `uv init`, kisha `uv add -r requirements.txt`. Kwenye Git weka `pyproject.toml`, faili la maelezo ya mradi linalotengenezwa na `uv init`, pamoja na `uv.lock`, `.venv` ibaki nje.